Mti wa Krismasi: Tunagombania nomino, tumesahau kitenzi

WIKI iliyopita nilikuwa nyumbani Kiptere, Kaunti ya Kericho. Desemba kwetu ni mwezi wa wageni. Walio Nairobi, Nakuru na Mombasa hurudi, mbuzi hupungua zizini na mursik huisha vibuyuni. Asubuhi moja, nikiwa nimeketi nje na kikombe cha chai, kijana wa ukoo wetu anayefanya kazi katika ofisi moja ya umma alinijia na karatasi mkononi.

"Chamgei, Prof."

"Chamgei mising. Leo umeniletea nini?"

"Tuangalilie hii notisi kabla hatujaibandika ukutani. Imeleta maneno."

Nilivaa miwani nikasoma. Notisi ilikuwa ya mstari mmoja tu: kila mfanyakazi atoe shilingi 200 za kununulia mti wa Krismasi na mapambo yake. Lakini neno Krismasi lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake mtu ameandika "mti wa likizo". Hilo nalo lilikatwa, pakaandikwa "mti wa sikukuu". Pembeni, kwa mwandiko mwingine, palikuwa na pendekezo la tatu: "mti wa msimu".

Kijana alinieleza kisa chenyewe. Mlinzi wao wa lango ni Mwislamu kutoka Mumias, na wakubwa waliona vibaya kumchangisha pesa za Krismasi. Tena kuna mama mmoja wa idara ya hesabu, Mkristo wa kufa kupona, anayesema Kristo hakuwahi kuwa na mti, kwa hivyo jina lake lisibandikwe kwenye tawi la saiprasi. "Sasa Prof, wewe ni mtu wa lugha. Tuuite nini?"

Nilimwomba siku moja ya kutafakari. Leo, mpenzi msomaji, nakushirikisha niliyoyatafakari, maana najua ofisi hiyo si ya pekee. Kila Desemba swali hili huibuka katika shule, hospitali, benki na maduka yetu.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu chimbuko la mjadala wenyewe. Haukuzaliwa Kericho. Umetoka ng'ambo, hasa Marekani, ambako kwa miaka mingi watu wamekuwa wakibishana kama mti unaosimamishwa mbele ya jengo la umma uitwe "Christmas tree" au "holiday tree". Kisa maarufu ni cha Boston. Mwaka 1917 meli iliyobeba baruti ililipuka katika bandari ya Halifax, Kanada, na watu karibu 2,000 wakafa. Boston ilituma msaada upesi. Kwa shukrani, jimbo la Nova Scotia limekuwa likiipa Boston mti mkubwa kila Desemba tangu mwaka 1971. Mwaka 2005 tovuti ya jiji hilo iliuita mti huo "holiday tree". Mkulima wa Kanada aliyeukuza alihamaki, akasema afadhali angeusaga ukawa vipande kuliko kuutoa kwa jina hilo. Meya Thomas Menino naye akasema kwake yeye huo ni mti wa Krismasi. Mwaka huohuo mti wa Bunge la Marekani mjini Washington ulirejeshewa jina la Krismasi kwa ombi la Spika Dennis Hastert.

Jambo la ajabu ni kwamba katika eneo hilohilo la Boston, Wakristo wenyewe waliwahi kuipiga Krismasi marufuku. Mwaka 1659 koloni la Massachusetts lilitunga sheria ya kumtoza faini ya shilingi 5 yeyote atakayepatikana akiisherehekea. Wapuritani walisema sikukuu hiyo haimo katika Biblia. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1681. Kwa hivyo yule mama wa hesabu asidharauliwe. Hoja yake ina historia ndefu, na wanaomuunga mkono hapa kwetu hupenda kutaja sura ya 10 ya Kitabu cha Yeremia, inayokemea desturi za watu wanaokata mti msituni na kuupamba kwa fedha na dhahabu.

Sasa tuje kwenye lugha. Waliopendekeza "mti wa likizo" walifanya kile ambacho wanaisimu hukiita tafsiri sisisi. Walichukua neno "holiday" wakalitafutia kisawe cha kwanza kilichowajia kichwani. Neno hilo la Kiingereza limetokana na maneno mawili yenye maana ya siku takatifu. Baadaye maana ilipanuka, likawa linataja sikukuu za dini, sikukuu za taifa, na hata wiki mbili za mtu kujipumzikia ufuoni. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Sisi tuna sikukuu, tuna likizo na tuna mapumziko. Mwalimu huenda likizo, hasherehekei likizo. Waislamu husherehekea sikukuu ya Idi, hawaendi sikukuu. Ukisema "mti wa likizo", Mswahili atadhani ni mti ulioomba ruhusa kwa mwajiri wake!

Je, "mti wa sikukuu"? Hapa sarufi haina lawama, ila maana inaning'inia. Sikukuu ipi? Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110 ya Sheria za Kenya, inaorodhesha Krismasi pamoja na Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Idd-ul-Fitr, Sikukuu ya Wafanyakazi na zile za kitaifa kama vile Madaraka na Jamhuri. Hakuna anayesimamisha saiprasi yenye nyota na pamba Siku ya Madaraka. Mti huu una sikukuu yake moja, na kila anayepita anaijua. Kuuita wa sikukuu bila kutaja sikukuu yenyewe ni kama kumwita bwana harusi "mmoja wa waalikwa". Si uongo, lakini si jina lake.

Wanaohofia jina la Krismasi wana dhana kwamba anayetamka neno lenye asili ya dini huwa ameikiri dini hiyo. Lugha yetu inaikanusha dhana hii kila siku ya wiki. Ijumaa ni neno la Kiarabu linalohusu kukusanyika, na ni siku ya Waislamu kukusanyika msikitini. Baada yake tunahesabu: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ni ya pili, hadi Jumatano ya tano. Maana yake ni kwamba Mkristo wa Kiptere anayekwenda kanisani Jumapili anakwenda katika siku iliyopewa jina kwa kuhesabu kutoka siku ya ibada ya Waislamu. Msabato naye huishika Sabato katika siku inayoitwa ya kwanza, ilhali imani yake inamfundisha ni ya saba. Na siku ya huzuni kuu ya Wakristo wote, ile ya kusulubiwa kwa Yesu, tunaiita Ijumaa Kuu. Neno kanisa limetufikia kupitia Kiarabu, na msalaba vilevile. Sijamwona mchungaji aliyesilimu kwa kusema "Ijumaa".

Hata neno Krismasi lina siri yake. Sehemu yake ya pili, "-masi", ni ileile "misa" ya Wakatoliki. Kiingereza cha kale kililiunganisha jina la Kristo na neno la misa. Basi Waprotestanti wetu, ambao hawaadhimishi misa, huitaja misa kila Desemba bila kujua. Noeli nalo, neno ambalo Wakatoliki wengi hulipenda, limepitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini la kuzaliwa. Na Maulidi ya Waislamu? Asili yake ni neno la Kiarabu la kuzaliwa. Noeli na Maulidi, kwa maana ya asili, ni ndugu wa toka nitoke. Tena Waislamu nao wanabishana wenyewe kwa wenyewe kama Maulidi yafaa kusherehekewa, kama Wakristo wanavyobishana kuhusu mti. Lakini sijasikia mtu akipendekeza kwamba Maulidi ya Lamu yaitwe "tamasha la msimu" ili mgeni asiye Mwislamu asione haya.

Nakuja sasa kwenye kineno kidogo ambacho ndicho kiini cha ugomvi: "wa". Wanafunzi wa shule za upili hukifahamu kama kihusishi cha a-unganifu. Wengi wetu tunakichukulia kuwa ni cha umiliki tu, kama katika "kitabu cha Asha". Kumbe kina kazi chungu nzima. Tuchukue mfano wa kitu tunachokijua vizuri zaidi huku kwetu. Chai ya Kericho inataja mahali ilipotoka. Chai ya saa nne inataja wakati. Chai ya maziwa inataja kilichotiwa ndani. Chai ya wageni inataja waliokusudiwa. Chai ya mkubwa, Mungu atuepushe, si chai kabisa! Kineno ni kilekile, uhusiano ni tofauti.

Katika "mti wa Krismasi", kineno hiki kinataja wakati na shughuli. Ni mti unaopambwa wakati wa Krismasi kwa ajili ya Krismasi. Hakisemi kwamba Kristo aliupanda, wala kwamba aliyeuona ameokoka. Mama wa hesabu anaweza kulitumia jina hilo pasipo kuisaliti imani yake, kama mimi ninavyosema "chai ya saa nne" ingawa wakati mwingine naiinywa saa tano. Mti wenyewe, tukitafuta wenyewe halisi, ni wa watu wengi. Desturi ya kuupamba ilikuzwa na Wajerumani. Waingereza waliipenda sana katika karne ya 19, enzi ya Malkia Victoria na mumewe Albert aliyekuwa Mjerumani. Na saiprasi tunayoikata huku milimani, ambayo imezunguka mashamba yetu kama ua, asili yake ni Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati.

Sisi Wakipsigis nasi si wageni wa matawi yenye heshima. Wazee wetu walikuwa na mabwaita, madhabahu ya matawi yaliyosimikwa karibu na nyumba, ambapo shughuli za ndoa na za kuingia utu uzima zilibarikiwa. Wengi waliopokea Ukristo waliacha desturi hiyo. Nakumbuka kogo, yaani nyanya yangu, alipouona mti uliopambwa kwa mara ya kwanza. Aliutazama kwa muda, kisha akasema, "Kumbe wazungu nao wana mabwaita." Hakuhitaji kamati. Alikitazama kitu, akaona kazi yake, akakipa jina la kweli kadiri alivyokielewa.

Hadi hapa ungedhani jawabu langu limekamilika: rudisheni neno Krismasi, mambo yaishe. Nami nilidhani hivyo. Kesho yake nilitembea hadi kwenye ofisi ile na kumkuta mlinzi langoni. Tulisalimiana, nikamwuliza kuhusu notisi.

"Mzee, mimi sikulalamika," alisema. "Hakuna aliyeniuliza. Miaka yote wameandika mti wa Krismasi, na mimi huwapa kitu kidogo. Ni wenzangu. Idi ikifika, wao hula pilau kwangu. Nisipokuwa na pesa, nawaambia sina, na hakuna neno, kwa sababu kila mtu anajua sikukuu si yangu."

"Na ukiitwa mti wa sikukuu?"

Alicheka kidogo. "Hapo sasa ndipo nitabanwa. Wataniambia mti ni wa sisi sote. Mia mbili itakuwa deni. Nikikataa, nitaonekana sipendi wenzangu."

Nilisimama pale langoni nikijiona mwanafunzi. Nimesomesha semantiki kwa miaka mingi, na mtu huyu alinifundisha kwa sentensi chache. Jina bayana humwachia asiyehusika mlango wa kutokea. Jina la jumla huufunga mlango huo. Waliokata neno Krismasi walitaka kumheshimu, lakini walichofanya ni kumfanya mdaiwa wa sherehe isiyo yake, tena bila hata kuitaja kwa jina. Kumfichia mtu dini yako nyuma ya neno la jumla hakumpi uhuru. Kunamnyima neno la kukataa.

Nilirudi kuisoma notisi upya, na ndipo nilipoona kosa lililotupita sote. Kalamu nyekundu ilihangaika na nomino, ilhali tatizo lilikuwa kitenzi. Notisi ilisema kila mfanyakazi "atoe". Kiambishi tamati "-e" hapo ni cha dhamira tegemezi, na kikitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, huwa amri. Ungeuita mti huo wa Krismasi, wa sikukuu, wa msimu au wa mbinguni, mradi "atoe" limebaki, yule mlinzi na yule mama wangelipia kitu ambacho dhamiri zao haziwadai.

Katiba yetu ya 2010 inasema katika Kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa, na Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri na dini. Vifungu hivyo havijamkataza mtu kutamka Krismasi katika ofisi ya umma. Hofu yake ni kulazimishwa. Hata Mahakama ya Juu Zaidi ya Marekani, katika kesi ya mwaka 1989 kuhusu mapambo ya Pittsburgh, haikuishia kwenye majina. Iliangalia mapambo yamewekwa wapi, yamepangwa vipi na mpita njia angepata ujumbe gani. Sanamu za kuzaliwa kwa Yesu zilizowekwa peke yake ndani ya jengo la mahakama zilikataliwa. Kinara cha Wayahudi kilichosimama nje kando ya mti wa Krismasi kiliruhusiwa.

Nakiri kwamba upande wa pili una hoja yenye uzito. Watasema majina si maneno matupu, na kwamba dini ya walio wengi ikitajwa kila mahali, walio wachache hujihisi wapangaji katika nchi yao. Ni kweli. Lakini dawa ya hilo ni kuyaongeza majina, si kuyafuta. Ofisi inayosema Krismasi mwezi wa Desemba na iseme Idi mwezi ukiandama, na iseme Diwali kwa ndugu zetu Wahindu. Mjini Kericho kuna kanisa kuu la Wakatoliki, kuna msikiti, na kuna gurudwara ya Masingasinga inayojulikana mbali. Kila nyumba ina jina lake mlangoni, na hakuna aliyependekeza zote ziitwe "majengo ya msimu".

Isitoshe, majina yanayotoka juu kwa tangazo hayashiki kirahisi. Mwaka 2020 serikali ilitaka Desemba 26, tunayoiita Boxing Day, iwe Siku ya Utamaduni. Baadaye jina hilo likahamishiwa Oktoba 10, iliyokuwa Siku ya Moi, na tangu 2024 siku hiyo ikawa ya Mazingira. Kijijini kwetu, Desemba 26 imebaki kuwa Boxing Day, na bado wapo wanaodhani ni siku ya ndondi. Ulimi wa watu hausomi gazeti rasmi la serikali.

Jioni nilimrudishia kijana karatasi yake. Nilikuwa nimelirudisha neno Krismasi na kulifuta lile "atoe". Notisi mpya ilisomeka hivi: "Tunapamba mti wa Krismasi. Anayependa kuchangia anakaribishwa. Mchango ni wa hiari, na orodha ya majina haitabandikwa."

Aliisoma mara mbili. "Prof, si sasa watu hawatatoa?"

"Watakaotoa watakuwa wametoa," nilimjibu.

Juzi alinipigia simu. Mti umesimama, mdogo kuliko wa mwaka jana. Mlinzi alitoa shilingi 100. Mama wa hesabu hakutoa kitu, ila aliwaletea mandazi na chai ya saa nne, akawaambia wazi kuwa hayo si ya mti.

Nawatakia Krismasi njema mnaoisherehekea. Msioisherehekea, nawatakia mapumziko mema.